Pale ni mita ngapi? Bunduki ya upepo na mtihani wa umbali

Semina ya historia ya teknolojia imefika zamu ya kundi letu, na kila mtu ametakiwa achague kifaa kimoja na kukifuatilia kilikotoka. Wenzangu wamekimbilia treni, saa na mashine ya kuchapa vitabu. Mimi nimechukua bunduki ya upepo. Jamaa walicheka kidogo, maana wengi wetu tunaijua kama kitu cha kutungulia njiwa, siyo kitu cha kuandikiwa insha. Kwenye semina nina dakika kumi tu, kwa hiyo yale ambayo hayataenea kule nayamwaga hapa.

Nianze na jaribio nililofanya juzi jioni. Mbele ya bweni letu kuna mwembe. Nilikaa kwenye ngazi na kuwauliza watu saba waliopita, mmoja mmoja: kutoka hapa mpaka kwenye ule mwembe ni mita ngapi? Mmoja akasema 35. Mwingine 80, tena kwa kujiamini kabisa, na huyo anasoma hisabati! Wengine wakaangukia katikati. Kisha tukaazima futikamba ya fundi anayejenga ukuta wa nyuma, tukapima. Mita 52. Ukiyajumlisha majibu yote saba na kuyagawa, unapata 54 na kitu. Yaani kila mtu peke yake alipotea, lakini wote kwa pamoja walikaribia. Mtaona mbele kuwa kuna majeshi yaliyowafundisha askari wao kufanya hivyo hivyo.

Sisi Waswahili nadhani hatujawahi kuwa na shida sana na hili jambo kwa sababu tuna kipimo chetu cha mdomoni. Pale. Paale. Paaaaleee. Ukisikia mtu amevuta sauti na kuinua kidevu, ujue nauli itakuhusu. Kwa vitu vya karibu babu zetu walikuwa na vipimo vya mwili: wanda, shibiri, dhiraa, pima. Kwa vya mbali zaidi kulikuwa na mtupo wa jiwe. Na mtupo wa jiwe ni kipimo chenye akili kuliko tunavyodhani, maana hakikuambii umbali mtupu, kinakuambia kama kitu unakifikia au hukifikii. Aliyekua na manati anaelewa. Hukuwa unajiuliza ndege yuko mita ngapi, ulikuwa unajiuliza unyanyue mkono kiasi gani.

Sasa kwa nini bunduki ya upepo na siyo bunduki ya kawaida? Hapa naomba wale wa sanaa mnivumilie kwa aya mbili, kuna fizikia kidogo ya kidato cha tatu.

Risasi ikishatoka mtutuni, dunia inaanza kuivuta chini hapo hapo. Inashuka kwa nusu ya graviti mara muda wa kipeo cha pili, kama tulivyokaririshwa. Kwa hiyo kinachoamua risasi imeshuka kiasi gani ni muda iliokaa angani. Bunduki ya kuwindia inayotumia baruti inaweza kurusha risasi kwa zaidi ya mita 800 kwa sekunde. Kufika mita 50 inatumia kama sekunde 0.06, na hapo imeshuka sentimita mbili hivi. Ukikosea umbali kwa mita tano, mnyama hatajua kuwa ulikosea.

Bunduki ya upepo ni habari nyingine. Uingereza, tangu kanuni za mwaka 1969, bunduki ya upepo isiyohitaji cheti cha silaha haitakiwi kuzidi nguvu ya futi-paundi 12, ambazo ni kama jouli 16. Kirisasi chake cha milimita 4.5 kina uzito wa nusu gramu na ushee, na kinatoka kwa mita kama 240 kwa sekunde. Halafu hewa inakikwamisha njiani. Kufika mita 50 kinatumia karibu robo sekunde, na kwenye robo sekunde hiyo kinashuka kama sentimita 30. Nilikaa na kikokotoo nikatafuta: ukiwa umeweka vipimo vya mita 45 na shabaha kumbe iko mita 50, kirisasi kinapita chini kwa sentimita tatu mpaka nne. Ujerumani ni kubaya zaidi, huko mpaka wa bunduki ya kununua bila kibali ni jouli 7.5, kwa hiyo kirisasi kinakwenda polepole zaidi na kushuka zaidi. Ndiyo maana nasema udhaifu wa bunduki hii ndio ulioifanya iwe mwalimu wa umbali. Ile ya baruti inakusamehe. Hii haisamehi.

Tukirudi kwenye historia yenyewe, bunduki ya upepo siyo mtoto wa juzi. Mwaka 1780 jeshi la Austria lilipokea bunduki iliyobuniwa na fundi wa Tirol, Bartolomeo Girandoni. Kitako chake kilikuwa tungi la chuma ambalo unalijaza hewa kwa pampu ya mkono, kisha unalifunga nyuma ya mtutu. Ilibeba risasi za mviringo zaidi ya 20 kwa mpigo, wakati askari wa kawaida wa zama zile anasimama kumimina baruti na kushindilia risasi moja moja. Haikutoa moshi wala haikupiga kelele sana. Raha tupu, ila kujaza lile tungi ilibidi upige pampu kama mara 1,500! Hebu fikirieni kundi la makuruta wanapampu tangu asubuhi.

Lakini kilichonivutia mimi ni tatizo la umbali lililojificha ndani ya tungi. Kila risasi inayotoka inapunguza hewa, na hewa ikipungua risasi inayofuata inakuwa dhaifu kidogo kuliko iliyotangulia. Kwa hiyo yule askari hakutakiwa kujua umbali wa adui peke yake. Alitakiwa pia ajue ameshapiga risasi ngapi, kwa sababu hatua 100 za risasi ya kwanza siyo sawa na hatua 100 za risasi ya ishirini na tano. Shabaha haijasogea, bunduki ndiyo imechoka. Jeshi liliitumia kwa miaka kadhaa, halafu mwanzoni mwa karne ya 19 ikaondolewa. Matungi yalikuwa magumu kutengeneza na yalivuja, na mafunzo yake hayakuwa ya mtu yeyote tu.

Bunduki ya aina hiyo ilivuka bahari. Mwaka 1803 Meriwether Lewis, aliyetumwa na Rais Jefferson kwenda kuchunguza magharibi mwa Amerika pamoja na William Clark, alibeba bunduki ya upepo, na watafiti wengi leo wanaamini ilikuwa ya Girandoni. Tarehe 30 Agosti 1803, siku ile ile safari ilipoanza kushuka mto Ohio kutoka Pittsburgh, walisimama kwenye kisiwa kilicho maili chache tu mbele na wenyeji wakamwomba awaonyeshe hicho kidude. Lewis aliandika kwenye shajara yake kuwa alipiga mara saba kwa yadi 55 na matokeo hayakuwa mabaya. Kisha akampa bwana mmoja anayeitwa Blaze Cenas ajaribu. Huyu hakuijua bunduki, ikamfyatukia, na risasi ikapita kwenye kofia ya mwanamke aliyekuwa yadi 40 hivi na kumchana kwenye paji la uso upande wa kichwa. Mama wa watu akaanguka, damu inatoka, wote wakajua amekufa. Baada ya dakika moja akazinduka, na kidonda kikaonekana siyo cha hatari.

Hiki kisa kinasimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha mwanzo wa safari. Mimi sikicheki. Ukikisoma taratibu unaona watu waliosimama yadi 40 bila wasiwasi kwa sababu ya bunduki isiyo na moshi wala kishindo. Machoni mwao kifaa kisicholia hakiwezi kufika mbali. Waliukadiria umbali salama kwa masikio, na kidogo wazike mtu.

Shikeni hiyo namba ya yadi 55. Tutakutana nayo tena.

Karne ya 19 ilivyosonga, bunduki za baruti zikaanza kupiga mbali mno, na majeshi ndiyo yakawa ya kwanza kuumizwa na swali la umbali. Vita vya Makaburu, 1899 mpaka 1902, viliwafundisha Waingereza kwa uchungu. Makaburu walikuwa wakulima na wawindaji waliokulia kwenye mbuga zilizo wazi, jicho lao limezoea. Tena hawakutegemea jicho peke yake: walikuwa wakipaka mawe rangi nyeupe mbele ya mahandaki yao kwa umbali walioujua, adui akilifikia jiwe wanajua waweke kipimo gani. Yaani hawakukadiria kabisa, walishapima jana yake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo akili kubwa kuliko zote nilizokutana nazo kwenye kusoma huku, na haikugharimu kitu zaidi ya ndoo ya chokaa.

Jeshi la Uingereza katika karne ya 20 likawa na somo zima la kukadiria umbali, na mbinu zake hata sisi tunaweza kuzitumia kesho. Kuna ya kugawa nusu: unatafuta kitu kilicho katikati yako na shabaha, unakadiria mpaka hapo, unazidisha kwa mbili. Kuna ya kubana: unajiambia haiwezi kuwa zaidi ya 80 wala pungufu ya 40, unachukua katikati. Kuna ya kutumia kipimo unachokijua, kama uwanja wa mpira, na kuupanga kichwani mara ngapi ungeingia. Na kuna ile ya wastani wa kikosi: kila askari anasema lake, mkubwa wao anajumlisha na kugawa. Hapo ndipo nilipokumbuka mwembe wetu.

Walifundishwa pia jicho linavyodanganya. Mchana wa jua kali ukiwa nyuma yako, hewa ikiwa safi, au ukitazama juu ya maji au uwanda usio na kitu, shabaha inaonekana karibu kuliko ilivyo. Ikiwa kivulini, au ina rangi sawa na kilicho nyuma yake, au unaitazama kupitia njia nyembamba yenye miti pande zote mbili, au umelala chini, inaonekana mbali zaidi. Wale wa pwani mnajua hili bila mwalimu. Mtumbwi unauona huo hapo, ukianza kuuogelea ndipo unapojua hujui.

Wakati askari wanafundishwa kudhani, walimu wawili wa chuo walikuwa wanatafuta namna ya kuacha kudhani. Mwaka 1888 wizara ya vita ya Uingereza ilitoa tangazo kuwa inatafuta kifaa cha kupimia umbali kwa askari wa miguu. Archibald Barr, aliyekuwa akifundisha uhandisi katika Yorkshire College kule Leeds, na mwenzake William Stroud, mwalimu wa fizikia, wakaliona na kuamua kujaribu. Jeshi likawakatalia baada ya majaribio. Mwaka 1892 wanamaji wakakikubali, na kampuni yao ya Barr and Stroud huko Glasgow ikaja kuwa jina kubwa la vifaa vya aina hiyo. (Wenzangu wa ualimu, siku mkiambiwa mwalimu hawezi kuanzisha kiwanda, mnayo majina mawili.)

Kifaa chao kinafanya kazi kwa jambo ambalo kila mmoja wenu anaweza kulijaribu sasa hivi. Nyoosha kidole gumba mbele ya uso, funga jicho moja, kisha badilisha. Kidole kinaruka. Kikisogea mbali kinaruka kidogo, kikikaribia kinaruka sana. Ndiyo paralaksi. Macho yetu yako umbali wa sentimita sita na nusu hivi, na ubongo unatumia huo mruko kupima. Barr na Stroud waliyatenganisha macho: bomba refu lenye kioo kila ncha, picha mbili zinaletwa kwenye jicho moja, unazungusha mpaka zikutane, unasoma umbali. Bomba likiwa refu zaidi, kipimo kinakuwa sahihi zaidi. Lakini kuna adhabu moja ambayo hakuna fundi aliyeikwepa: kosa halikui sawa sawa na umbali, linakua kwa kipeo chake cha pili. Shabaha ikiwa mbali mara mbili, kosa lako ni mara nne. Liwekeni hili pembeni na lile la kirisasi kushuka, maana yakikutana ndipo balaa linapoanza.

Je, bunduki ya upepo muda wote huu ilikuwa wapi? Ilikuwa baa. Sitanii. Mwanzoni mwa karne ya 20, hasa Birmingham na miji ya jirani, vilabu vya pombe vilikuwa na timu za kulenga. Mwaka 1904 fundi wa huko Birmingham, Lincoln Jeffries, alisajili ubunifu wa bunduki ya upepo iliyokuja kutengenezwa na kampuni ya BSA, na ilikuwa imara kiasi cha kuaminika. Shabaha yenyewe ilikuwa bamba la chuma lenye tundu dogo lisilofika sentimita moja, nyuma yake kengele. Ukipitisha, ngo! Umbali ulikuwa yadi sita au saba, ukumbi wa baa unavyoruhusu, na haubadiliki.

Hapo pana uamuzi mkubwa uliofanyika bila mtu kupiga kura. Umbali ulitolewa kwenye mtihani. Kilichobaki ni mkono usiotetemeka na pumzi. Njia hiyo ndiyo iliyofika mbali zaidi kwa heshima: bunduki ya upepo ya mita 10 iliingia kwenye mashindano ya dunia mwaka 1966 na kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, wanaume na wanawake. Mita kumi ni pungufu kidogo ya sehemu ya penalti mpaka golini. Alama ya kumi katikati ya karatasi ni nukta ya nusu milimita. Wanaoipiga ile nukta mara kwa mara ni watu wa ajabu, na Abhinav Bindra alipoipatia India dhahabu yake ya kwanza ya mtu mmoja mmoja huko Beijing mwaka 2008, nchi nzima ilisimama. Lakini muulize yeyote kati yao mwembe wetu uko mita ngapi, nina hakika atabahatisha kama yule wa 80. Hajawahi kuulizwa.

Mwaka 1980 kule Sussex, kusini mwa Uingereza, wapenzi wa bunduki hizi walirudisha swali kwenye karatasi. Walikuwa watu waliozoea kuwinda sungura na kunguru, na kwa mwindaji umbali ndiyo kila kitu, kwa sababu ukikosea kwa mita tano hupotezi alama, unajeruhi mnyama anayekwenda kufia porini kwa siku mbili. Wakabuni mchezo wa kuigiza windo bila kuua. Sungura wa chuma anawekwa msituni, kifuani ana tundu, na nyuma ya tundu kuna kibao. Kirisasi kikipita tunduni sungura anaanguka, unapata alama. Kikigonga chuma cha mwili, sungura anabaki amekutazama na wewe unaondoka na sifuri. Hakuna alama za huruma.

Na umbali hausemwi. Kwa sheria za Uingereza shabaha inaweza kuwekwa popote kati ya yadi 8 na yadi 55. Ndiyo, 55 zile zile alizopiga Lewis kisiwani, kama mita 50. Sidhani kuna aliyepanga ifanane, ila nilipoiona niligonga meza maktaba nikaangaliwa vibaya. Matundu ni ya milimita 15, 25 na 40, na yale madogo yanawekwa kwa shabaha za karibu. Sasa chukueni hesabu yetu ya mwanzo: kosa la mita tano pale mwisho ni sentimita tatu na zaidi kwenda chini, wakati tundu kubwa kuliko yote lina milimita 20 tu kutoka katikati hadi ukingoni. Umekosa. Hata kama mkono wako ni wa Olimpiki, umekosa.

Watu walianza kwa macho, hatua za kichwani na mbinu za jeshi. Kisha wakagundua kuwa jibu wanalo juu ya bunduki yenyewe. Darubini yenye nguvu kubwa inaonyesha kwa ukali kitu kilicho kwenye umbali mmoja tu, vingine vyote vinafifia. Kwa hiyo ukizungusha kirekebishi chake mpaka picha ikawa kali kabisa, pale kilipokomea kirekebishi ndipo ulipo umbali. Ni paralaksi ile ile ya Barr na Stroud, ila badala ya bomba refu unategemea upana wa kioo cha mbele. Ndiyo maana wachezaji walikwenda kwenye darubini za kukuza mara 30, 40, hata 50, na pembeni wakafunga gurudumu kubwa kama sahani ili mistari ipate nafasi ya kuachana. Alama za gurudumu hazitoki kiwandani. Kila mtu anakwenda uwanjani na futikamba, anaweka shabaha mita 10, anafokasi, anachora. Mita 15, anachora. Anarudia siku nyingine kuona kama jicho lake linakubaliana na lenyewe.

Hapa ndipo yale mawili yanapokutana. Kati ya mita 10 na 15 gurudumu linazunguka sana, unaona kabisa tofauti. Kati ya 45 na 50 linasogea kidogo mno, alama zimebanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Na ni kule kule mwisho ambako kirisasi kinaporomoka kwa kasi kuliko kwingine. Rula yako inakuwa butu mahali unapoihitaji iwe kali. Nimejaribu kutafuta mtihani mwingine uliopangika wenyewe kwa ukatili kiasi hiki, sijapata.

Juu yake kuna mpanga uwanja, ambaye kazi yake ni kusoma orodha ya makosa ya jicho na kuyatumia yote dhidi yako. Shabaha moja anaiweka kivulini chini ya miti mnene na nyingine juani, umbali ule ule. Anaiweka kwenye uchochoro wa vichaka. Anakuwekea sungura mkubwa mwenye tundu dogo, halafu panya mdogo, ili wanaopima kwa ukubwa wapotee. Maana hiyo nayo ni mbinu: ukijua kitu kina sentimita 10, na mistari ndani ya darubini inakuonyesha kuwa kinachukua sehemu mbili za elfu, basi kiko mita 50, pembetatu zinazofanana tu. Ila lazima ujue ukubwa, na mpanga uwanja hakuambii. Mwingine anaitundika juu ya mti. Hapo hata ukipima vizuri unaweza kukosa, kwa sababu dunia inakivuta kirisasi kulingana na umbali wa mlalo, siyo wa mshazari. Mita 50 kwa pembe ya nyuzi 30 zihesabu kama 43.

Halafu zikaja leza. Kuanzia miaka ya 1990 vipima umbali vya leza vya mkononi vilianza kuuzwa kwa wawindaji na wacheza gofu. Unabonyeza, unasoma namba, basi. Wenye mchezo wakakataa: leza marufuku uwanjani, umbali utaupata kwa jicho na darubini yako. Wenzao wengine wakaenda mbali zaidi, wakaanzisha aina ya mchezo ambayo ukishaanza raundi huruhusiwi kugusa kirekebishi cha darubini mpaka umalize. Unaangalia picha ilivyofifia, unakadiria, unalenga juu au chini kwa kutumia mistari.

Nimelifikiria sana hili la kukataa leza, na kwa mtu anayesomea ualimu ni ubishi wa kila siku. Kikokotoo kiruhusiwe kwenye mtihani au kisiruhusiwe? Inategemea unapima nini. Mwindaji halisi mimi ningemwambia abebe leza bila aibu, kwa sababu kwake anayelipa gharama ya makisio mabaya ni mnyama. Wale wa mita 10 waliufunga umbali ili waupime mkono. Hawa wa msituni walikuwa wanapima makisio yenyewe, na kuruhusu leza kungekuwa sawa na kugawa majibu mlangoni. Kuna mdau kwenye kundi letu anasema huo ni unafiki, maana darubini ya kukuza mara 50 yenye gurudumu nayo ni mashine. Ana hoja, sikatai. Jibu langu ni kwamba gurudumu umelichora mwenyewe kwa futikamba, na likikudanganya ni alama zako zilizokudanganya. Bado tunabishana, na Jumanne nadhani atanisubiri na hilo swali.

Na kweli linadanganya, hasa kwa joto. Darubini ni chuma na vioo, vinatanuka. Alama ulizochora asubuhi yenye ubaridi hazisomi sawasawa mchana jua likishapiga, na pale mwisho ambapo mistari imebanana, tofauti ndogo tu inakula mita mbili tatu. Ndiyo maana utaona picha za mashindano, watu wazima wamekaa chini kwenye vimto vyao, bunduki zimefunikwa vitambaa zisipigwe na jua, na wengine wamebandika vipimajoto kwenye darubini, wana jedwali moja la nyuzi 10 na jingine la nyuzi 25. Kwa hali ya hewa ya hapa kwetu sijui wangebeba majedwali mangapi.

Haya, nakwenda kuifupisha hii iingie kwenye dakika kumi. Ukipita mbele ya bweni letu na kuona alama ya chaki kwenye ngazi, hapo ndipo pa kusimama kuuangalia mwembe. Kadiria kwanza, kisha niandikie namba yako, namba ya futikamba umeshaiona huko juu kwa hiyo wewe huhesabiki, mlete rafiki yako ambaye hajasoma.